Nafasi ya nusu milimita: kabla hujatuletea V8 yako

"Fundi, ile sauti njo natafuta." Tumeyasikia maneno haya hapa garajini zaidi ya mara moja, na kila mara mteja anatuonyesha video kwenye simu: gari la Kimarekani la zamani la V8, yaani injini ya silinda nane, limesimama, linanguruma kwa kusitasita, kama linataka kuzima kisha linakataa. Sauti hiyo na sisi tunaipenda. Inatokana na kamshafti kali, na hapa tunaongea ile inayofungwa na tapeti ngumu za rola. Ila siku hizi, kabla hatujataja bei, tunampa mteja tapeti moja aishike mkononi, kisha tunaongea.

Hapa Lubumbashi wengi tunasema arbre à cames. Nitaandika kamshafti, ili na ndugu wanaotusoma kutoka Dar es Salaam na Mombasa tuwe pamoja. Ni mhimili wenye nundu. Nundu inasukuma tapeti, tapeti inasukuma fimbo, fimbo inainua roka, roka inafungua valvu, mlango wa kuingizia hewa au kutolea moshi. Tapeti za haidroliki zina oili ndani, na oili hiyo inajaza nafasi yoyote inayotokea katikati. Ndiyo maana gari linaweza kutembea miaka bila mtu kugusa kifuniko cha valvu. Tapeti ngumu ya rola haina msaada huo. Ni chuma kitupu chenye gurudumu dogo chini, na gurudumu hilo linazunguka juu ya beringi za sindano, nyembamba kuliko njiti ya kiberiti.

Faida yake ni ya kweli. Gurudumu linaweza kupanda nundu yenye mwinuko mkali, kwa hiyo valvu inafunguka haraka na inafunguka sana, na injini inapanda mizunguko mingi ikiwa bado inapumua. Lakini ili valvu ifuate nundu kali namna hiyo, inahitaji springi nzito. Springi za kiwandani za V8 ndogo ya Chevrolet zinasukuma kwa karibu kilo 90 valvu ikiwa wazi. Za kamshafti hii zinapita kilo 200 kwa urahisi, na mzigo huo wote unaangukia zile sindano.

Halafu kuna nafasi yenyewe. Kati ya roka na shina la valvu lazima ubaki uwazi mdogo, mara nyingi kati ya milimita 0.40 na 0.50, kufuata karatasi iliyokuja na kamshafti. Tunaupima kwa filageji, vile vibati vyembamba vya chuma. Injini yenye silindahedi (vichwa vya injini) za alumini hupanuka zaidi inapopata moto, na nafasi inakua, kwa hiyo tukiipima ikiwa baridi tunaiacha ndogo kidogo kuliko kipimo cha karatasi. Fundi akipuuza hilo, gurudumu litakuwa linagongwa siku nzima.

Wateja wengi wanadhani injini inaumia ikikanyagwa. Kwa tapeti hizi, sisi tunaogopa zaidi ralanti, yaani injini ikiwaka taratibu bila kukanyagwa. Katika injini hizi za zamani, nundu na magurudumu hupata oili nyingi kutokana na ile inayorushwa na krankishafti, mhimili mkuu wa injini, inapozunguka. Injini ikiwa kwenye mizunguko 800 kwa dakika, inayorushwa ni kidogo, na presha nayo imeshuka. Kamshafti huzunguka nusu ya kasi ya krankishafti, kwa hiyo hata ukiwa umesimama tu kwenye foleni ya jioni kuelekea Kenya, komine ya hapa mjini, kila tapeti inapigwa mara 400 kwa dakika, mara 24,000 kwa saa, chini ya springi ileile nzito. Gari la mashindano haliishi hivyo: linawashwa, linakimbia, linazimwa. Tukikufungia kamshafti hii tutapandisha ralanti ifike 1,000 au zaidi, na tutachagua tapeti zenye tundu linalopeleka oili ya presha moja kwa moja kwenye gurudumu. Ni ghali zaidi. Hatufungi zile za bei rahisi kwenye gari la barabarani, hata mteja akizileta mwenyewe.

Kuna gari moja lililotufundisha hili. Mwenyewe alikuwa akilitumia kwenda Likasi na kurudi, na ukaguzi wa mara mbili ulimpita kwa sababu ya kazi. Alipolileta alisema linagonga kidogo, si sana. Tulifungua vifuniko asubuhi, injini baridi. Valvu kumi na tano zilikuwa karibu na pale tulipoziacha. Ya kumi na sita, valvu ya moshi ya silinda namba 5, tuliiacha kwenye 0.45, na sasa kibati cha 0.70 kilipita bila kugusa kitu.

Mteja alikuwa amesimama pembeni. Akauliza, "Si unakaza tu nati?"

Papa, hapana. Nafasi zote zikisogea kidogo pamoja, hiyo ni kazi ya kawaida, tunarekebisha na unaondoka. Moja ikiruka peke yake, kuna chuma kilichopotea mahali, na ukikaza nati unaficha ushahidi. Tuliitoa tapeti ile. Gurudumu lilicheza kati ya vidole kama jino la mtoto linalotaka kung'oka. Tulikata filta ya oili, tukafungua karatasi yake juani, na ndani mlikuwa na chembe zinazong'aa. Sindano zilikuwa zimeanza kumomonyoka lakini hazijatoka. Zingetoka, zingeingia kwenye oili, na tungekuwa tunaongea habari ya injini nzima. Nundu ya kamshafti ilikuwa salama.

Mambo mengine mawili, kwa haraka. Kamshafti ya aina hii inatafuna gia ya kawaida ya distribyuta, ile inayogawa umeme kwenye plagi, kwa hiyo tunaweka ya shaba nyeusi au ya chuma kinacholingana nayo. Ile ya shaba inalika yenyewe na lazima ikaguliwe. Na mvuto wa hewa unaosaidia breki hupungua sana kwenye ralanti, hivyo pedali inaweza kuwa ngumu mguuni. Tunalishughulikia hilo kabla gari halijatoka getini, halina mjadala.

Kumbukeni pia tuko kwenye mwinuko wa karibu mita 1,200. Hewa yetu ni nyepesi, na kamshafti kubwa tayari inapoteza mgandamizo kwenye mizunguko ya chini. Ile iliyochaguliwa kwa mji wa pwani, hapa itakuwa nzito kuondoka kila unapoachilia klachi.

Kwa gari la kila siku, la kupeleka watoto shule na kwenda sokoni, ushauri wangu ni tapeti ya rola ya haidroliki, yenye gurudumu chini na oili ndani. General Motors wenyewe, wenye Chevrolet, waliiweka kwenye V8 ndogo ya Chevrolet kuanzia 1987, na unaweza kupata sauti nzuri nayo. Kwa anayeitaka ngumu kwa moyo wake wote, tutaifunga, na tutaifunga vizuri, kwa sharti moja: urudi baada ya kilomita 500 za kwanza, kisha kila kilomita 1,500. Vipimo vya valvu zote 16 tunaviandika kwenye daftari lako, tarehe kwa tarehe, na daftari linakaa ndani ya gari.

Siku ya ukaguzi usije asubuhi ukiwa umeendesha. Lete gari jioni, liache lilale hapa, na saa moja asubuhi tutalikuta limepoa.