Mafundi, msizinyime laptopu usingizi

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi niongee na mafundi wanaotuuzia laptopu za mtumba.

Nina steshenari ndogo hapa Kasulu. Mwaka juzi nilinunua laptopu mbili, fundi akanikabidhi akisema amezirekebisha zisiwe zinalala ovyo. Nikamshukuru. Kumbe alikuwa amezima mipangilio yote ya kuokoa umeme na kuiamuru prosesa, yaani ubongo wa kompyuta, iende mbio muda wote. Feni ilivuma hata pasipo mtu wa kuchapa, skrini iliwaka nikiwa nimeenda kunywa chai. Betri ya moja imevimba mpaka sehemu ya kusogezea kishale imenyanyuka. Ya pili ilizimika ghafla siku umeme umekatika, nikiwa naichapa ripoti ya mwanafunzi wa chuo. Sikuwa nimehifadhi tangu ukurasa wa 26. Binti wa watu alikuwa amesimama nyuma yangu, na kesho yake ndiyo siku ya kukabidhi.

Mpwa wangu ndiye aliyenifungua macho. Prosesa ikiachwa huru, hupunguza kasi na volti yenyewe pasipo kazi, na ukigusa kitufe inapanda tena kabla hujahisi. Skrini, ambayo ni mlaji mkubwa, hufifia kisha huzimika. (Zile picha za samaki wanaoogelea zinazojitokeza mashine ikiachwa bila kuguswa haziokoi kitu, taa ya skrini bado inawaka.) Mashine ikilala, karibu kila kitu huzimwa ila memori inayoshikilia kazi yako. Tena kuna kulala fofofo: kazi yote huandikwa kwenye diski, ndipo mashine ijizime kabisa. Hata betri ikiisha, ukiwasha unaikuta palepale. Mambo haya si mageni, Intel, Microsoft na Toshiba walitoa utaratibu wake wa pamoja, ACPI, mwaka 1996.

Sasa yangu ikiwa kwenye betri, skrini huzimika baada ya dakika 2, na chaji ikishuka hadi asilimia 10 inalala fofofo. Ingewekwa hivyo tangu mwanzo, ile ripoti ingepona.

Najua zipo zinazogoma kuamka, na wateja huwarudia wakiwalaumu. Mara nyingi ni programu ya kuendesha skrini iliyopitwa na wakati, isasisheni. Na mnapomkabidhi mteja mashine, mwonyesheni mipangilio hiyo ilipo. Ni kazi ya dakika 5.

Mwenye steshenari,
Kasulu, Kigoma