Wazee wainuliwe kitandani, wasiachwe "wapumzike"

Mhariri,

Taarifa yenu ya wiki iliyopita kuhusu wataalamu wa viungo imenifanya nishike kalamu baada ya kukaa kimya miaka mingi. Mwandishi wenu ametuita wakandaji mara nne, kisha akauliza shahada ya uzamivu ni ya nini kwa mtu wa "kutembeza wazee". Nimefundisha fiziotherapia, yaani tiba ya viungo, miaka 26, na zaidi ya nusu ya miaka hiyo nilikuwa nikipigania wazee wapewe vipindi vyao kwenye mtaala. Kila kikao jibu lilikuwa lile lile: watoto na majeruhi wa bodaboda kwanza.

Matunda yake niliyaona kwa mama yangu mzazi. Alianguka uani akavunjika nyonga, akapasuliwa salama, kisha akalazwa chali siku 11 katika hospitali ambayo sitaitaja. Hakuna aliyemkalisha, hakuna aliyemsimamisha. Kijana wa zamu wa kitengo cha viungo alipofika nilimtambua, maana nilimfundisha mwenyewe. "Shikamoo mwalimu," akasema, halafu akaniambia bibi ana miaka 81, tumwache apumzike. Apumzike! Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2007 ulionyesha kwamba wazee wenye afya njema wakilala siku 10 tu hupoteza karibu kilo nzima ya misuli ya miguu. Sembuse aliyetoka kupasuliwa? Na mwaka 1990, huko Boston, wazee wa miaka 90 walinyanyua uzito kwa miguu wiki 8, nguvu za mapaja yao zikaongezeka zaidi ya maradufu. Haya hayakumkaa kijana yule kwa sababu somo la wazee tulimpa saa 4 tu, mwaka wa mwisho, Ijumaa mchana. Mama hakutembea tena. Kijana sikumgombeza, nilitoka nje nikalia kwenye benchi la wagonjwa.

Na hilo Dirisha la Wazee lenyewe, la kuwahudumia wazee hospitalini! Katika hospitali hiyo lipo juu ya ngazi tano zisizo na mahali pa kushika. Nimemwona mzee akizipanda kwa magoti, mkongojo ameuning'iniza shingoni.

Ninaomba hivi. Kila wodi ya watu wazima iwekewe kiti kimoja imara chenye mikono, kimo cha kukalia sentimita 46, na mita 3 mbele yake upigwe mstari wa rangi ya njano sakafuni. Kila mwenye miaka 60 na zaidi, kabla ya kuruhusiwa kwenda nyumbani, ajaribu kuinuka, afike mstarini, ageuke, arudi akae. Sekunde alizotumia ziandikwe kwenye faili lake. Na mhadhiri wa fiziotherapia asipandishwe daraja kwa machapisho peke yake. Zihesabiwe pia saa alizosimama kando ya kiti hicho pamoja na wanafunzi wake.

Kiti cha kwanza nitakinunua mimi, kiwekwe wodi ile ile aliyolala mama.

Mhadhiri mstaafu wa fiziotherapia,
Tanga