Zuhura, kabla ya Jumatatu

Mwanangu Zuhura,

Uliponipigia jana nilifurahi mpaka nikasahau kukuuliza la maana. Ulisema, "Mama, bosi kasema nianze Jumatatu, mkataba utakuja baadaye." Usiku maneno hayo yakanirudia, maana na mimi niliambiwa hivyohivyo pale kiwandani, na huo mkataba sikuuona miaka 6 mizima.

Basi uombe. Omba kwa adabu, ila usichoke kuomba. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inamtaka mwajiri akuandikie kazi yako ni ipi, utafanyia wapi, saa ngapi na kwa mshahara gani. Asipokuwa na karatasi hiyo siku mnapofikishana kwenye shauri, mzigo wa kukanusha masharti unayodai ni wake. Hata hivyo karatasi mkononi ni bora kuliko shauri.

Mambo ya ghala nayajua, mzigo ukiingia jioni hakuna anayetazama saa. Wewe itazame. Saa za kawaida ni 45 kwa wiki, zisizidi 9 kwa siku. Zinazozidi ni ovataimu, na hulipwa mara moja na nusu: kama saa yako ni shilingi 2,000, hiyo ni 3,000. Soda na nauli ya bodaboda si malipo ya ovataimu, ingawa mimi nilizipokea na kushukuru! Likizo ni siku 28 kwa mwaka, na mshahara wako unaendelea kuingia. Ukiugua, peleka cheti cha daktari na ubaki na kopi.

NSSF, ule mchango wa hifadhi ya jamii, nayo usiiamini kwa kuiona kwenye hati ya mshahara tu. Mimi nilikatwa kila mwezi, na nilipokwenda kuuliza nikakuta miezi kadhaa haikupelekwa. Siku hizi taarifa za michango mnaziangalia kwenye simu, ziangalie.

Sasa nikwambie nisilowahi kukwambia. Ulikuwa darasa la tano nilipoachishwa. Asubuhi moja tuliambiwa kazi imepungua, turudi nyumbani tutaitwa. Hakuna notisi, hakuna barua. Msimamizi alinishika bega akasema, "Mama Zuhura, wewe wa kwanza kuitwa." Nikamwamini. Nikarudi Muheza nikawa nalala na simu chini ya mto. Mwezi wa nne tangu niachishwe ndipo jirani aliponiambia niende CMA, ile Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Kijana wa pale akanisikiliza vizuri, kisha akaniuliza tarehe niliyoachishwa. Nikamtajia. Akaweka kalamu chini.

Shauri la kuachishwa kazi hupelekwa ndani ya siku 30. Madai mengine, siku 60. Unaweza kuomba kuongezewa muda, lakini utoe sababu ya kuchelewa, na yangu ilikuwa nini? Nilikuwa namsubiri bosi apige simu. Niliona aibu hata kuitamka, nikaaga nikaondoka.

Baadaye nikapiga hesabu. Notisi kwa anayelipwa kwa mwezi ni siku 28. Kiinua mgongo ni mshahara wa siku 7 kwa kila mwaka uliotimia, kwangu siku 42. Mshahara wa siku 70, mwanangu, mbali na likizo ambazo sikuzichukua. Mwaka ule ndio uliokwenda shule na viatu vya kaka yako.

Jambo moja zaidi: katika miezi 6 ya mwanzo ile kinga ya kutoachishwa bila sababu ya haki bado haijakufikia. Usigombane na mtu kwa kunitegemea mimi na barua hii. Andika tu.

Kaka yako anakuja Dar Alhamisi. Nimempa daftari la kaunta, nimekuchorea mistari mwenyewe: tarehe, saa ya kuingia, saa ya kutoka, nani alikwambia ubaki. Ulijaze kila siku kabla hujalala, na ulale nalo nyumbani, si kazini. Kuna na mfuko wa machungwa. Yale madogo ndiyo matamu.

Mama yako,
Muheza