Ami, ile katoni usiitoe

Ami shikamoo. Naandika hapa mbele za watu manake kwa simu ulinikatiza, ukanambia hivyo vitabu vya wazungu wa kuzamia havina kazi na Jumapili ile katoni ya chini ya kitanda inaenda kwa mama wa njugu akafungie vipeto. Nakuomba ami, ngoja nije kwanza.

Hapa mezani sai niko na The Compleat Goggler ya Guy Gilpatric, kitabu cha kuzamia na kupiga samaki kwa mkuki, chapa ya 1938, nimeitafuta miaka minne. Huyu bwana alikuwa Mmarekani akiishi Antibes, kusini mwa Ufaransa, na anaeleza vile alichukua miwani yake ya zamani ya urubani akaziba matundu ya hewa kwa puti, akapaka rangi juu, akashuka baharini. Nilipofika hapo nikakifunga kitabu nikakukumbuka wewe pale barazani, na kile kioo cha dirisha ulichokikata duara, tyubu ya lori ukaizungushia ukaikaza kwa uzi wa nyavu, na ile alama nyekundu ikikukaa usoni mpaka magharibi. Kazi ni ile ile ami, wallahi! Yeye tu aliandika, wewe hukuandika.

Na kuandika kwake kuliwavuta wengine. 1937 kijana wa Austria, Hans Hass, alikwenda pwani hiyo hiyo ya Ufaransa akamuona Gilpatric akipiga samaki kwa mkuki, ndo ikawa mwanzo wake yeye wa kuzamia. Kitabu chake cha 1939 jina lenyewe limeweka harpuni, yaani mkuki wa kupigia samaki, na kamera pamoja, na miaka ilivyokwenda kamera ikashinda. Mimi hicho ndicho kinachonivuta, kuona kwenye karatasi mtu akibadilika, leo anamtafuta tewa amchome, kesho anamtafuta ampige picha. Sikusanyi ili watu warudi kwa bunduki za mishale, hizo Kenya ni marufuku na sawa kabisa, miamba yetu imechoka.

Sasa katoni. Ulisema kuna kimoja cha Cousteau, yule mzamiaji wa Kifaransa, kile ulichopewa na mgeni uliyekuwa ukimpeleka miambani. Kama ni The Silent World, aliyoandika na Frédéric Dumas ikatoka 1953, miaka kumi baada ya yeye na Émile Gagnan kutengeneza kile kifaa cha kupumulia majini kwa mitungi, basi jua kilichapishwa kwa wingi sana, si adimu hivyo. Lakini wewe umeniambia ukurasa wa mbele umeandikwa kwa kalamu, jina lako na neno Mombasa, na nakala kama hiyo ami hakuna nyingine duniani. Mimi siiuzi hata nikipewa nini.

Kwa hivyo usikivue lile jaketi la karatasi hata kama limechanika, wakusanyaji wanaliangalia hilo kabla ya kitabu chenyewe (mwaka jana niliagiza kimoja ng'ambo, kwa picha kina jaketi, kikanifikia kitupu, roho iliniuma wiki nzima). Usibandike seloteipu, ikizeeka inaacha doa la njano lisilotoka. Usivianike juani eti vikauke, mgongo utapauka, na usivifunge kwa nailoni manake kwa joto letu hili vitatoa jasho na koga itaingia. Kitambaa cha pamba tu, na uvitoe sakafuni, mchwa hawabishi hodi.

Jambo lingine. Nimesoma rafu nzima ya hivi vitabu na mzamiaji wa kwetu hayumo, akiwemo basi ni yule wa kushika kasia, hana hata jina. Na wewe 1977 ulikuwa ukisimama pale chini ya Fort Jesus ukiwatazama wale wazamiaji wakiichimba Santo António de Tanna, ile meli ya Wareno iliyozama 1697, na ulinieleza mkondo wa pale unavyokaa saa ya maji kujaa kuliko nilivyosoma popote.

Ijumaa baada ya Asri nakuja na daftari, na simu ya kurekodia. Mwambie ami mke asipike, nitapitia viazi karai. Na ile miwani ya tyubu kama bado ipo itoe, lakini usiioshe.