Barua kwa mwanangu, kutoka shamba

Mwanangu, hujambo baba. Nakuandikia wasapu huku niko shamba Nanyamba, mabibo ya korosho yananuka kila kona, maana uso kwa uso mimi na wewe tukianza tu tunagombana.

Kile kiberiti na zile karatasi nilivikuta chini ya godoro lako tangu msimu wa kupulizia mikorosho salfa nikanyamaza, halafu siku nimeamua kuongea nikakuita mvuta bangi mbele ya wajomba zako. Hilo nisamehe.

Ila nikiokota korosho nahesabu, naona ulianza kunyamaza kabla ya bangi. Matokeo ya form four yalivyotoka ukaacha kwenda feri na wenzio, pweza wa nazi uliyekuwa unampigania na mdogo wako sasa unamchokonoa unaacha, nikasema mtoto anadeka. Nimemuuliza dada mmoja nesi akasema hiyo inaweza kuwa sonona, ule ugonjwa wa huzuni nzito isiyoisha, na sonona na bangi zinavutana, mwingine anavuta apunguze mawazo, mwingine mawazo yanakuja baada ya kuvuta sana akiwa bado mdogo, ubongo wenyewe haujakomaa mpaka kwenye miaka 25 huko. Akasema 2019 wataalamu walikusanya tafiti 11, vijana zaidi ya 23,000, waliovuta kabla ya miaka 18 wakaangukia sonona zaidi ukubwani kuliko wasiovuta. Sio kila anayevuta anaugua, na mi sikutishi, na wewe una 18 tu.

Kilichonishtua ni hiki. Anasema mvutaji wa kila siku akiacha ghafla, siku za mwanzo hasira, usingizi hauji, chakula hakipandi, moyo mzito, basi anasema umeona, bangi ndo dawa yangu, anarudia, kumbe mwili unadai tu na kwa wengi inapungua baada ya kama wiki mbili. Nikakumbuka Ramadhani, siku ya tatu ulimrushia mdogo wako sahani, mi nikasema swaumu hiyo! Ulikuwa umeacha eeh? Peke yako, bila kumwambia mtu.

Kama umewahi kuwaza kufa niambie, hata usiku wa manane piga, sitalia. (Nitalia kidogo.)

Jumapili nashuka na basi la asubuhi, Jumatatu twende hospitali ya Ligula mimi na wewe, tutapanga foleni, wajomba hawajui na hawatajua. Mwambie mdogo wako asimalize unga wa ugali. Nakuja na mabibo.