Wanafunzi wasikimbilie kimbunga wiki ya kwanza

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi niseme na wazazi walioko nyumbani wenye watoto wanaosoma Marekani, na watoto wenyewe. Msimu wa vimbunga huku ni Juni hadi Novemba, na mabishano ni yale yale. Kijana anataka kwenda kusafisha nyumba zilizofurika, mama yake Morogoro anang'aka kwenye simu: "Nimeuza shamba ukasome, au ukazoe takataka za Wazungu?"

Mimi nilizizoa. Machi 2006, wakati wa likizo, tulipanda basi mimi na wenzangu wa chuo kwenda New Orleans. Kimbunga Katrina kilikuwa kimepiga tangu Agosti 29, 2005, kuta za kuzuia maji zikapasuka, na takriban asilimia 80 ya mji ikafunikwa. Nilidhani baada ya zaidi ya miezi sita tutakuta imebaki kazi ya kufagia. Wapi! Kwenye mtaa wa Lower Ninth Ward, ambao wakazi wake wengi walikuwa Weusi (mama wa Morogoro asikie), kuna nyumba zilikuwa hazijaguswa. Ukutani bado ilionekana ile alama ya X ya waokoaji: juu tarehe, chini idadi ya watu waliokutwa ndani. Unaitafuta kwanza ile sifuri ya chini, ndipo unaingia.

Ndani unatoa makochi yaliyovimba, magodoro na nguo. Kisha unabomoa kuta za jipsamu na kung'oa misumari mpaka zibaki mbao tupu za fremu, zipate kukauka, maana kuvu imeshapanda hadi darini. Jokofu halifunguliwi. Linazungushiwa utepe wa gundi na kuburutwa hivyo hivyo hadi barabarani. Mwenzetu mmoja alidhani tunamtania, akalifungua. Siku ile hakuna aliyekula chakula cha mchana.

Nyumba ya tatu ilikuwa ya bibi mmoja aliyeketi uani kwenye kiti cha plastiki, akitutazama. Kwa mbio zetu za ujana tulikuwa tunajaza toroli na kumwaga, tunajaza na kumwaga. Akainuka, akalizuia toroli kwa mguu, akachomoa sufuria ya chuma iliyokula kutu. Ilikuwa ya marehemu mama yake. Kuanzia hapo kiongozi wetu alitaka kila kitu kipite kwanza mbele ya kile kiti. Kazi ya saa mbili ikatuchukua siku nzima, na sikusikia mtu akinung'unika.

Kwa hiyo mimi sikubaliani na mzazi anayekataza, wala na kijana anayetaka kukimbilia huko upepo haujatulia. Wiki ya kwanza ni ya wenye boti, mafundi umeme na madaktari. Mwanafunzi asiye na ujuzi huo anakwenda kugombania maji ya kunywa na mahali pa kulala na watu waliopoteza nyumba. Asubiri miezi minne, sita, hata mwaka. Wapiga picha watakuwa wameshaondoka, wenye nyumba bado wanavutana na kampuni za bima, na hapo ndipo mikono inapotafutwa. Aende na kundi linalofahamika na wenyeji, akiwa amechanjwa pepopunda, na barakoa ya N95. Ile ya kitambaa haisaidii kitu mbele ya kuvu.

Tope la Mlima Hanang lilipoifunika Katesh, Desemba 3, 2023, nami niliangalia picha kwenye simu kama wengine. Swali langu lilikuwa moja tu: Juni atakwenda nani?

Mama wa Morogoro, mruhusu kijana, ila likizo ya Machi. Na buti anunue zake. Za kuazima zilinitoa kucha mbili.

Mwanafunzi wa zamani,
Houston, Texas