Chungu kimoja, sahani sita

Leicester, Uingereza, Januari

Mdogo wangu mpenzi,

Assalaam alaykum. Mimi mzima, ila baridi ya huku haina adabu. Nilifurahi kuwaona wote Jumapili, lakini baada ya kukata simu nilibaki na jambo moyoni. Nilimwona Bibi akimlambisha mwanao uji. Sikutaka kusema mbele yake, ndiyo maana naandika.

Mtoto bado wiki tatu atimize miezi sita. Mpaka hapo ni ziwa lako tu, hata maji hahitaji. Bibi atakwambia sisi sote tulikunywa uji tukiwa na miezi mitatu na tukakua. Mwitikie "ndiyo Bibi", halafu mnyonyeshe mtoto. Siku yake ikifika, uji uwe mzito, ukiinua kijiko usichuruzike, maana uji wa maji humjaza tumbo tu. Muongezee dagaa waliosagwa, yai lililoiva vizuri, ini la kupondaponda. Asali isubiri mpaka apite mwaka. Na ule unga wa lishe wa vitu saba anaouza jirani, mimi nauogopa. Mahindi na karanga zikipata ukungu huwa na sumukuvu, na kupika hakuiondoi. Mwaka 2016 iliua watu Dodoma na Manyara. Chagua nafaka kwa macho yako mwenyewe, saga kidogo kidogo. Na ziwa usimwachishe, afike hata miaka miwili.

Unajua kazi yangu ni kutunza wazee. Jikoni kwetu hupikwa kitu kimoja, tuseme kuku na viazi. Huyu anapewa vipande, yule vimepondwa, mwingine vimesagwa vikawa laini kama uji kwa sababu koo halimezi vizuri. Kila nikipanga zile trei nawakumbuka nyie. Na nyumbani chungu ni kimoja, lakini sisi tunapakua kwa cheo: Baba minofu, watoto mchuzi, Bibi ugali wa kuloweka kwenye chai. Wewe unayenyonyesha, ambaye mwili wako unalisha watu wawili, unakwangua ukoko. Nakuomba upakue upya. Wewe na Bibi muanze kupata samaki.

Bibi ndiye ananitia wasiwasi zaidi. Mwezi wa kumi na moja bibi mmoja hapa kazini, mcheshi sana, aliamka akiniita kwa jina la dada yake na kutafuta kondoo chini ya kitanda. Nikajua basi, akili imekwenda. Nesi akafungua karatasi tunayoandika vinywaji: jana yake kutwa nzima, vikombe viwili. Tukamnywesha funda kwa funda. Kesho yake jioni ananiuliza ni nani kanisuka vibaya hivi! Mtu mzima sana hasikii kiu hata mwili ukikauka. Kwa hiyo Bibi usimuulize kama anataka maji, mpe kikombe mkononi. Na ile chai na mkate asubuhi, mchana na jioni haimtoshi, nyama ya mikono inaisha. Mchambulie kibua miiba yote, mpondee maharage, mpe mtindi, yai. Meno hana, lakini njaa anayo.

Baba na presha yake: chumvi ya siku nzima isizidi kijiko kimoja cha chai, na hapo nimehesabu iliyomo kwenye ng'onda, wale samaki wakavu wa chumvi. Waloweke usiku, umwage maji. Ule mlima wa ugali upungue, mchicha uongezeke. Atanuna, mwachie Mama amshughulikie.

Mdogo wetu wa sekondari ameshavunja ungo, na hela ya shule yote inaishia kwenye chipsi. Kila mwezi anapoteza damu, airudishe kwa maharage, dagaa, kisamvu, nyama ikipatikana. Chai ya rangi asinywe pamoja na chakula, inazuia madini ya chuma kuingia mwilini. Baada ya kula amenye chungwa, hilo linayasaidia. Mnakaa Tanga, machungwa ya Muheza yanapita mlangoni, na mimi hapa nanunua moja moja kama dawa!

Usidhani mimi ndiye mjuzi. Majira ya baridi ya kwanza nililala na maumivu ya miguu wiki nzima, kumbe nimepungukiwa vitamini D. Huku jua la baridi halitoshi, tunameza vidonge. Nyie mnalikimbia.

Nimetuma hela kidogo kwa simu ya Mama. Za mayai ni za mayai, msinunue soda. Jumapili nitapiga saa kumi za huko. Simu mwelekezee Bibi kwanza, nataka kukiona kikombe chake.

Dada yako